Naomba ushauri: katikati yangu inavunjika kwenye Cannae

Habari zenu wakuu. Nacheza gemu la mikakati ya vita lenye mapigano halisi ya kale, nimekwama kwenye Cannae, pigano la Carthage dhidi ya Warumi, 216 KK, upande wa Carthage.

Nimepanga jeshi kama alivyopanga Hannibal, jemadari wa Carthage: Wagauli na Wahispania katikati, mstari umetuna mbele kama upinde, askari wa miguu wa Kiafrika kwenye mbavu zote mbili, wapanda farasi wa kamanda wake Hasdrubal kushoto, Wanumidia (wapanda farasi wa Afrika Kaskazini) kulia. Hasdrubal anashinda vizuri tu. Shida ni katikati: Wagauli wanarudi nyuma taratibu inavyotakiwa, halafu ghafla wanatimua mbio kabla Warumi hawajazingirwa. Nimeongeza safu pale, mbavu zikabaki nyembamba. Nimemweka Hannibal mwenyewe katikati, maana ndipo aliposimama kweli pamoja na mdogo wake Mago. Imesaidia kidogo.

Naombeni mnijuze: Waafrika wageukie ndani lini hasa, Warumi wakishawapita au kabla? Na Hasdrubal akawasaidie Wanumidia kwanza, kama ilivyokuwa, au awapige Warumi mgongoni moja kwa moja? Natamani sana kushinda kwa mbinu yake Hannibal, si kwa kupunguza ugumu wa gemu.