Aksheni fupi, mtutu umekwisha: niweke kaliba ipi ya kuwindia masafa marefu?

Mashoto

Wakuu, salaam. Nina aksheni fupi (ile sehemu yenye bolti inayopokea na kufunga risasi) ya mkono wa kushoto iliyokuwa ya .308 Winchester. Mtutu wake umeshakula chumvi nyingi, haugongi tena panapotakiwa. Badala ya kurudishia uleule, nataka nijenge juu yake bunduki ya kuwindia masafa marefu. Wanyama wangu ni wa kilo 80 hadi 300, na mbali kabisa sitavuka mita 500. Mtutu uwe wa sentimita 56 hivi, maana mbele nitafunga sailensa na sitaki kupenya vichakani na mlingoti wa jahazi.

Jambo la pili: bega langu la kushoto lilipasuliwa zamani. Teke la bunduki nalivumilia, ila nikipigwa risasi kumi mfululizo naanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Nikiuliza watu, mmoja anasifia 6.5 Creedmoor, mwingine 6.5 PRC, wa tatu 7mm PRC, wa nne .300 Winchester Magnum. Mnanishauri nini?

Mzee wa Magnum

Weka .300 Win Mag ulale usingizi. Ipo tangu 1963, imeua kila kitu, na kichwa cha risasi cha greni 200 (greni ni kipimo cha uzito) hakibishani na mfupa wa bega. Hizo 6.5 zenu ni za kutobolea karatasi. Mnyama wa kilo 300 hasomi matangazo. Teke? Vaa pedi, mambo yaishe.

Fundi Chemba

Mzee wangu, .300 naiheshimu na chemba zake, pale ganda linapokaa ndani ya mtutu, nimezichonga nyingi tu. Lakini mwenzetu kataja aksheni fupi na bega, na vyote viwili umeviruka.

Mashoto, tuanze na chuma ulichonacho. Kitako cha ganda la .308 kina kipenyo cha milimita 12, na uso wa bolti yako umechongwa kukipokea hicho. .300 Win Mag na PRC zote mbili ulizotaja zina kitako cha milimita 13.5. Halafu kuna urefu: .300 Win Mag na 7mm PRC kamili zinakaribia milimita 85, wakati magazini yako ilitengenezewa risasi ya milimita 71 au 72. Hizo mbili zitoe, labda ununue aksheni nyingine, na za mkono wa kushoto unajua zinavyopatikana kwa shida. 6.5 PRC iko katikati, milimita 75. Inawezekana, ila utabadilisha bolti na magazini, kisha uombe ilishe bila kukwama. Nimeona bunduki za namna hiyo zinazokwama risasi ya pili, ile unayoihitaji kuliko zote.

6.5 Creedmoor inaingia hapo ulipo bila kugusa kitu zaidi ya mtutu. Kitako kilekile, magazini ileile.

Sasa je, inatosha? Watu wanachagua ganda kwanza. Mimi nachagua kichwa, kisha nauliza kitafika mita 500 kikiwa na kasi gani. Kichwa cha kuwindia lazima kifunguke ndani ya mnyama, na kila kimoja kina kasi yake ya chini. Kikiwa chini ya hapo kinatoboa tundu jembamba na mnyama anakwenda kufia usikokujua. Vingi vya shaba tupu vinataka kama mita 600 kwa sekunde ili vifunguke vizuri. Vyenye kiini laini cha madini ya risasi vilivyobuniwa kwa masafa hufunguka hata kasi ikiwa karibu na 500.

Creedmoor yenye kichwa cha greni 143 inatoka na mita 823 kwa sekunde kwenye mtutu wa sentimita 61. Kwa mtutu wako ondoa 12 hadi 15. Ikifika mita 500 imebaki na 585 au zaidi kidogo. Maana yake kichwa cha kiini laini bado kinafanya kazi pale, cha shaba tupu uishie umbali wa mita 450. 7mm PRC yenye greni 175 ingefika na karibu 700, sibishi, ni nyingi. Ila inapiga teke karibu mara mbili ya Creedmoor kwa bunduki zenye uzito sawa.

Kwa mnyama wa kilo 300 mimi ningejiwekea mpaka wa mita 350, tena akiwa amesimama ubavu. Na hilo la "karatasi", Mzee, 6.5x55 ina nguvu za aina hiyohiyo, na Uswidi na Norwe wameiwindia kulungu wao wakubwa kuliko huyo kwa zaidi ya karne.

Bi Upepo

Fundi kamaliza ya chuma. Mimi naongeza moja tu, ambalo watu hulikimbia. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipiga kutoka pembeni, hicho kichwa cha Creedmoor kwa mita 500 kinasukumwa karibu nusu mita. Ukidhani ni wa kilomita 8, umekosea robo mita, yaani umelenga moyo ukapiga tumbo. Na 7mm PRC? Ungekosea kama sentimita 18. Bado ni tumbo! Kaliba kubwa inakupunguzia adhabu, haikusomei upepo.

Kwa hiyo chukua ile utakayoweza kufyatua mazoezini siku nzima bila bega kulalamika. Kufumba macho ulikokutaja kungenitisha kuliko kitu kingine chochote katika swali lako.

Mzee wa Magnum

Bi Upepo, kwa hilo la macho nakubali. Kwa kilo 300 sikubali. Akifika huyo, nipigieni simu.

Mashoto

Mzee nimekucheka, lakini nitakupigia kweli. Naelekea Creedmoor. Fundi, msokoto wa mtutu, ile mifereji ya ndani inayozungusha kichwa, niagize upi? Na utadumu?

Fundi Chemba

Mzunguko mmoja kwa inchi 8, usibuni kingine. Vichwa virefu visipozungushwa vya kutosha vinayumba. Ndiyo maana mitutu ya zamani ya 7mm Remington Magnum yenye msokoto wa inchi 9.5 inagoma vichwa vizito vya siku hizi. Maisha yake hesabu risasi 2,000 hadi 3,000 kabla usahihi haujaanza kushuka. Usipige tano za harakaharaka mtutu ukiwa wa moto, hapo ndipo koo, mwanzo wa mtutu mbele ya chemba, linapoungua.

Kabla hujapeleka kazi, amua kichwa. Tengeneza risasi mbili za kichwa hicho, zisizo na baruti wala fataki, kwa urefu unaoingia kwenye magazini yako na kubakiza kama milimita moja. Mpe fundi wako pamoja na aksheni, achonge koo la chemba kufuata hizo. Akikwambia hazihitaji, tafuta fundi mwingine.