Naomba ushauri: kuwafundisha wakurugenzi kusoma hesabu za kampuni

Ndugu wapendwa, jambo kwenu wote. Tunaandaa mafunzo ya siku 2 hapa Lubumbashi kwa wakurugenzi 12 wa kampuni ndogo zinazohudumia migodi. Si wahasibu, wanasaini bilani (karatasi ya mali na madeni ya kampuni) ya SYSCOHADA, yaani mfumo wa uhasibu wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, bila kuielewa.

Kinachowaponza zaidi ni kuchanganya faida na pesa iliyoko benki. Fakitire ya dola 60,000 inaandikwa leo kama mapato, mteja analipa baada ya siku 90, huku mishahara na mafuta ya malori vinalipwa mwezi huuhuu. Karatasi inaonyesha faida, konti imekauka.

Mara iliyopita tulianza na uwiano wa deni na mtaji: walinakili tu. Kisha kila mmoja akaleta bilani yake. Wengi wakaficha kurasa za madeni mbele ya wenzao, na ninawaelewa. Lakini sheria ya OHADA haisubiri: hasara ikishusha mtaji halisi (mali ukitoa madeni) chini ya nusu ya ule ulioandikishwa, ndani ya miezi 4 tangu hesabu zipitishwe lazima wenye hisa waulizwe kama kampuni ivunjwe.

Je, tutangulize jedwali la pesa zinazoingia na kutoka kwa majuma 13, bilani ifuate? Na nani ana hesabu za kampuni ya kubuni, zenye wateja wanaochelewa kulipa, tuzitumie darasani?