Nimealikwa kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani Iowa City, sijui niende na nini. Naombeni ushauri

BintiPangani:

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Iowa City, nimeingia Agosti. Profesa anayenisimamia na mkewe wamenialika mechi ya chuo dhidi ya Minnesota, Jumamosi ijayo. Mpira unaanza saa tano asubuhi, lakini wameniambia nifike saa mbili kwenye maegesho karibu na uwanja. Wanapika huko na marafiki zao, kundi lilelile kila msimu. Tiketi ipo, ya kijana wao ambaye hatakuja.

Sasa hapo ndipo akili inapogoma. Mimi ni Muislamu, navaa hijabu, sili nguruwe, sinywi pombe, na kila niliyemuuliza darasani ananiambia pale ni bia na nguruwe mwanzo mwisho. Nilimuuliza mke wa profesa nije na nini, akasema nije mwenyewe tu, inatosha. Kwetu Tanga ukiambiwa hivyo ukaenda mikono mitupu utasemwa mpaka siku ya harusi yako. Huku sijui wanamaanisha au ni adabu tu.

Halafu hela ya tiketi: nimpe, au nitakuwa nimemvunjia heshima? Na mchezo wenyewe siujui. Nimejaribu kuangalia kwenye TV nikaona watu wanaangukiana, filimbi, wanasimama, tangazo. Wanaangukiana tena, tangazo. Nikichoka naruhusiwa kuaga katikati?

Msinielekeze YouTube. Nataka mtu aliyefika. Natanguliza shukrani.

Kijogoo wa Temeke:

Saa mbili asubuhi mnaenda kula kwenye parking, mpira saa tano. Hao watu hawana nyumba?

Mzee wa Cedar:

Kijogoo, nyumba wanazo, na nzuri. Tulia usome, siku moja utaalikwa.

Mdogo wangu BintiPangani, hongera. Nimekaa jimbo hili muda mrefu, nimefanya kazi na hawa watu, na nakwambia mwaliko huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Mmarekani wa huku anaweza kukuchekea miaka mitatu ofisini asikufungulie mlango wa kwake. Akikuita kwenye teilgeti, yaani hicho chakula cha nyuma ya gari, amekuingiza kwenye kundi lake. Wengine wana sehemu ileile ya kuegesha waliyoirithi kwa wazazi wao. Kwao mpira ni sababu ya kukutana, na ikitokea timu imefungwa bado nyama iliyoliwa imeliwa. Kwa hiyo hofu ya kutoujua mchezo itoe kichwani. Nusu ya waliopo wanaangalia moto kuliko mpira.

Kuhusu mikono mitupu: mama wa watu anamaanisha alichosema, hutasemwa. Lakini nenda na kitu, kwa sababu utakuwa umempa kila mtu pale cha kuanzia mazungumzo. Pika sambusa za nyama. Zinaliwa kwa mkono mmoja, hazihitaji sahani, na zikipoa bado zinalika. Usipeleke biriani, baridi itaiua kabla haijafika mezani. Nyama ya halali mjini inapatikana, uliza wenzako wa msikitini.

Nguruwe utamkuta, hilo usijidanganye. Iowa ndiyo inayoongoza Marekani yote kwa ufugaji wake. Kutakuwa na chopsi zake kwenye jiko, na soseji ambazo nyingi ni zake. Usisubiri ufike ndipo ueleze. Mtumie ujumbe mke wa profesa mapema, sentensi mbili tu: huli nguruwe na hunywi pombe. Hawa hawachukii kuambiwa, wanachukia mgeni alale njaa kimya kimya. Na kama unajali jiko kuchanganywa, nenda na vyako vilivyoiva, au omba cha kwako kiwekwe juu ya karatasi ya foili. Mchuzi wa maharage na pilipili wanaouita chili, wanaoupika kwenye sufuria kubwa, uliza umewekwa nyama gani. Bia hakuna atakayekulazimisha. Shika glasi yako ya soda, basi.

Tiketi usimpe hela. Sema asante, kisha sambusa ziseme zilizobaki.

Kijogoo wa Temeke:

Nimenyamaza mzee. Ila sambusa na baridi ya Iowa, zihurumieni.

Nyota ya Kivu:

Jambo dada. Miye ni Mkongomani, mutu wa Bukavu, nakaa hapa hapa Iowa City na familia. Tuko wengi huku, ukitembea dukani utasikia Kiswahili.

Mzee amesema vizuri habari ya chakula. Miye nikupe kitu kimoja tu, usikikose hata kama umechoka vipi. Ng'ambo ya barabara kutoka uwanja wa Kinnick kuna hospitali ya watoto ya chuo, jengo refu la vioo lililofunguliwa 2017. Linachungulia mpaka ndani ya uwanja. Ghorofa ya juu kabisa imetengenezwa ili watoto waliolazwa na wazazi wao waangalie mechi kutoka kule. Robo ya kwanza ikiisha, uwanja wote unageuka. Watu karibu 69,000 wanaangalia juu na kupunga mkono. Wachezaji wa Iowa wanapunga, wa timu ngeni wanapunga, makocha na marefa pia. Na kule juu unaona mikono midogo kwenye vioo inajibu.

Wazo lilitolewa na shabiki mmoja mtandaoni mwaka huo huo wa 2017, si uongozi wa chuo. Rafiki yangu mtoto wake alikuwa kule juu msimu mmoja. Alivaa jezi juu ya nguo za hospitali, akapunga mpaka mkono ukachoka, halafu akauliza kama kuna aiskrimu.

Kila mechi pia wanamchagua mtoto mmoja aliyetibiwa pale kuwa kapteni wa heshima. Kwa hiyo robo ya kwanza usiende chooni wala kununua maji. Kaa kwenye nafasi yako.

Wanjiru_TX:

Habari dadangu. Mimi niko Texas, na huku kila chuo kina wazimu wake. Texas A&M wanafunzi husimama mechi nzima, hawakai. Wanasema wao ni mchezaji wa 12, desturi inayotokana na mechi ya 1922 ambapo timu iliumiziwa wachezaji mpaka kijana mmoja aitwaye E. King Gill akaitwa kutoka jukwaani avae jezi, asimame pembeni tayari. Hakuingia hata, lakini tangu hapo wanasimama. Usiku wa kuamkia mechi wanajaa uwanjani kufanya mazoezi ya kushangilia. Usiku wa manane! Kwa hiyo saa mbili asubuhi yako ni afadhali.

Ila hebu tuseme ukweli pia, tusipake sukari. Hii ni biashara kubwa iliyovaa joho la chuo. Mpaka Julai 2021 mchezaji hakuruhusiwa kulipwa hata jina lake likitumika kwenye tangazo, huku kocha akichukua mamilioni. Malipo ya moja kwa moja kutoka vyuoni yamekubaliwa juzi tu, 2025, baada ya kesi mahakamani. Sehemu kubwa ya hao vijana waliojaza viwanja kwa miongo ni weusi. Nenda ule, ufurahi, lakini macho yako yawe wazi.

Mzee wa Cedar:

Wanjiru, hapo sikupingi. Tena Iowa ina historia yake. Sehemu ya kuchezea pale Kinnick tangu 2021 inaitwa kwa jina la Duke Slater, mchezaji mweusi wa miaka ya 1918 hadi 1921 aliyekuja kuwa jaji Chicago. Imechukua miaka 100.

Na mechi yenyewe anayokwenda binti yetu ina kisa. Mwaka 1934 Iowa walikuwa na mkimbiaji mweusi hodari, Ozzie Simmons. Minnesota walimgonga siku ile mpaka akatolewa nje ameumia, na watu wa Iowa wakaona amelengwa makusudi. Mwaka uliofuata mechi ikawa Iowa City, joto likapanda, gavana wa Iowa Clyde Herring akatoa kauli iliyosikika kama kitisho. Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, akamtumia telegramu ya kupoza: tuwekeane dau, nguruwe kwa nguruwe. Minnesota wakashinda 13 kwa 6. Herring akatafuta nguruwe mzima, hai, akamswaga mpaka ndani ya ofisi ya Olson. Mnyama akapewa jina la gavana, Floyd wa Rosedale.

Nguruwe huyo alikufa mwaka uliofuata. Kabla ya hapo walikuwa wameona lile jambo limewakaa, wakachonga sanamu ya shaba, kilo 44 hivi, na mpaka leo Iowa na Minnesota wanagombea hiyo.

BintiPangani:

Subirini. Yaani kombe la mechi ninayokwenda ni nguruwe?

Mzee wa Cedar:

Ndiyo, mama. Wa shaba.

BintiPangani:

Namkimbia kwenye sahani, namkuta kwenye kabati la vikombe. Mama yangu nitamweleza nini.

Kijogoo wa Temeke:

Huyo hana hukumu, haliwi. Hata umguse.

Coach Mchomvu:

Nimecheka kwa sauti ofisini. Dada, mimi nafundisha michezo, nikupe sheria kidogo usikae kama umeletwa kwa nguvu.

Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne. Ndiyo maana wanasimama kila mara, kila kuangushwa ni jaribio moja limeisha. Ukiufikisha mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na shuti la nyongeza pointi 1. Ukishindwa kufika lakini uko karibu, unapiga katikati ya milingoti, pointi 3. Ukiwa mbali na jaribio la nne limefika, unaubutua mpira kwa mguu uende mbali ili adui aanzie kwake. Hapo mashabiki wa kwingine huguna. Iowa wanapiga makofi. Ni timu ya ulinzi, na mbutuaji wao Tory Taylor, Mwaustralia, aliwahi kuwa kipenzi cha jimbo zima. Mwaka 2023 aliweka rekodi ya vyuo kwa jumla ya yadi alizobutua. Ukiona mpira unaruka juu mbali, shangilia, profesa atadhani umesoma.

Muda wa mchezo ni dakika 60, robo nne za dakika 15, lakini saa inasimamishwa mno. Hesabu muda wa masaa matatu na nusu.

Na mapumziko usitoke kama tunavyotoka sisi. Bendi ya chuo inaingia uwanjani na matarumbeta, mamia ya wanafunzi, wanatembea wakichora maumbo. Ukibahatika siku moja nenda kwenye vyuo vya kihistoria vya watu weusi, Southern au Florida A&M. Huko watu hununua tiketi kwa ajili ya bendi, mpira ni wa kusindikiza.

BintiPangani:

Asanteni sana, kila mmoja. Mke wa profesa nimemwandikia jana usiku. Amejibu ndani ya dakika chache, anasema jirani yao wa kwenye maegesho ni daktari Mpakistani anayekuja na jiko lake mwenyewe la kuku wa halali, na kwamba nisijali. Sikutegemea kabisa.

Yamebaki mawili. Mavazi, na swala.

Bi Zuhura wa Minneapolis:

Mwanangu, mie ni mshabiki wa Minnesota, nguruwe ni wetu, lakini nitakusaidia.

Rangi za Iowa ni nyeusi na dhahabu. Hijabu nyeusi na koti lenye rangi ya manjano yatosha, usinunue jezi ya bei. Rangi ya damu ya mzee usiivae kabisa, ndiyo yetu sie. Vaa nguo ya kubana joto ndani, sweta, kisha koti, soksi mbili, na glavu. Mwishoni mwa Oktoba asubuhi yaweza kuwa karibu na sifuri, na ukikaa juu ya benchi la chuma baridi inapanda mgongoni. Chukua blanketi la kukalia. Mkoba mkubwa usiende nao, viwanja vingi siku hizi wanataka wa plastiki unaoonyesha ndani. Angalia tovuti ya uwanja kabla ya kutoka, usije ukarudishwa mlangoni.

Swala: siku hizo Adhuhuri Iowa City inaingia saa saba kasoro, wewe uko katikati ya mechi. Mchezo utaisha saa nane na nusu hivi na Alasiri haiingii mpaka karibu saa kumi. Una nafasi, hata ukitembea taratibu. Tia udhu kabla hujatoka nyumbani na ujitahidi uhifadhi, vyoo vya uwanjani si vya kutawadhia.

BintiPangani:

Shikamoo Bi Zuhura, na asante. Nimeandika yote. Na ile ya kuondoka mapema?

Nyota ya Kivu:

Dada, mwambie tu profesa kabla hamjaingia kwamba pengine utatangulia, hatakuwa na neno. Watu wengi hutoka robo ya nne kama matokeo yameshaeleweka.

Bi Zuhura wa Minneapolis:

Asitoke! Filimbi ya mwisho ikilia, walioshinda hukimbia kumbeba nguruwe. Kama ni wenu wamenyang'anya, wachezaji wazima watakimbia kama watoto kumgombea. Kama ni wetu, nipigie picha.