Kipa mfupi anaweza kufika mbali?

Bandugu wa Lubumbashi, mdogo wangu ana miaka 16, anadaka kwa timu yetu ya Katuba. Kocha kamwambia: "Wewe mfupi, tafuta kazi ingine." Ni kweli?

— Uongo mtupu! Jorge Campos wa Mexico, mtoto wa Acapulco, alikuwa na sentimita 168 tu. Alidaka Kombe la Dunia 1994 na 1998. Pale klabu ya Pumas alicheza hata mshambuliaji, akafunga magoli. Na zile jezi za rangi kali kama kitenge cha sikukuu, alizibuni mwenyewe.

— Kuruka tu! Kidiaba, kipa wetu wa klabu ya Mazembe, aliruka hata kwa matako akishangilia, tulipowatoa Internacional ya Brazil kwenye Kombe la Dunia la Klabu 2010.

— Asante bakubwa. Ila dogo ameshaanza kudai jezi ya pinki.