Kwa yule wa spika pale Matema: "Ziwa lote hilo, mnalilia choo?" Tumedharauliwa sana

Mjukuu wa Rungwe (mleta uzi):
Wakuu, salamu baadaye. Hapa nilipo kidole kinatetemeka kwenye simu kwa hasira.

Yule wa spika pale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mnamjua wote, simtaji. Ndiye yule anayefunga kamba barabarani kila Pasaka na kila Krismasi, kiingilio elfu mbili kwa kichwa, na mtoto wa mgongoni naye ni kichwa. Leo Jumatatu ya Pasaka foleni ya choo imetoka mlangoni, ikapita kwa wakaanga samaki, imebaki kidogo tu iingie Kyela mjini. Wazee, akina mama, watoto wamebana miguu. Mama mmoja kauliza kwa adabu zote, "Baba, vile viwili vilivyofungwa vinafunguliwa lini?" Mtu mzima mwenye ndevu akashika maiki, akapandisha sauti mpaka Karonga kule Malawi wakasikia: "Ziwa lote hilo, mnalilia choo?"

Ziwa lote hilo! Kwa mama wa watu! Kwenye spika! Na kwenye foleni ile kuna watu wamesimama na wakwe zao, na heshima ya mkwe kwa Wanyakyusa haihitaji kufundishwa. Watu wameinamisha vichwa, wengine wameondoka bila kujisaidia.

Matundu manne, mawili yamepigiwa mbao. Shule ya msingi tu kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Pale mawili yanabeba wilaya tatu. Piga hesabu: watu mia tano kwa elfu mbili ni milioni moja taslimu, na mia tano walishapita kamba kabla jua halijachoma. Milioni inashindwa nini? Wanaume kwa haja ndogo hawahitaji tundu. Chukua bomba la plastiki la inchi 4, lipasue kwa urefu, lilaze kwenye ukuta wa mabati kwa mwinamo, mwisho lishukie kwenye shimo la mawe lililo mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji. Fundi mmoja, asubuhi moja. Foleni wanabaki akina mama na watoto. Lakini hapana, jibu ni ziwa lote hilo.

Ziwa lote hilo! Bado naisikia masikioni.

Mvuvi wa Ikombe:
Nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ziwa hilohilo huku kwetu ndio maji ya kupikia na kuoshea vyombo. Mtu akikojoa humo, kama ana kichocho, mayai yanatoka na mkojo, yanaanguliwa majini, wadudu wanaingia kwa konokono wa kwenye majani ya pembeni. Baada ya wiki chache konokono anaachia vijidudu ambavyo huvioni kwa macho, vinapenya ngozi ya anayeoga, na wala huhisi kitu cha maana. Vinatoka kwa wingi mchana jua likiwa kali, saa ambayo wageni wote wako majini. Mtu anarudi Mbeya, miezi inapita, anakojoa damu anaambiwa UTI. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, lakini ukirudi kwenye maji machafu unaambukizwa upya. Na hapo sijagusa kipindupindu. Aliyetamka maneno yale aombe radhi kwa spika ileile.

Nipe Siti ya Mbele:
Mleta uzi, elfu mbili ulitaka marumaru? Wenyeji wana vyoo nyuma ya nyumba, unatoa mia tano, unapewa na kopo la maji. Watu wa Tukuyu mnadeka. Mvua yenu ya mwaka mzima imewaharibu.

Mjukuu wa Rungwe:
Soma uzi tena, mkuu. Sijalalamikia mia tano. Nalalamikia mtu aliyekula elfu mbili ya mama halafu akamtangazia umati kwamba akajisaidie ziwani. "Ziwa lote hilo." Hivi mama yako angeambiwa hivyo ungeandika huu upuuzi?

Nipe Siti ya Mbele:
Mama yangu anaenda choo kabla ya safari.

Fundi Mchanga:
Naomba niseme kitu cha ufundi hapa. Vile viwili vimefungwa kwa sababu vimejaa maji, si kinyesi. Ule ni mchanga, na mwezi huu wa masika ukichimba kidogo tu pale ufukweni unakutana na maji. Kitako cha shimo kinatakiwa kiwe juu ya maji ya ardhini angalau mita 1.5. Aliyechimba alichimba kiangazi, akaona pakavu, akafurahi akaenda chini kabisa. Masika maji yakapanda, uchafu ukaelea mpaka kwenye sakafu. Ukivifungua vile leo, ndio unaupeleka uchafu ziwani kweli.

Dawa yake ni kuinua, siyo kuchimba. Jenga sakafu juu ya tofali kozi tano au sita, weka ngazi, chini yake tangi la plastiki lililofungwa, lichimbiwe kidogo na lishikwe kwa nanga ya zege, la sivyo likiwa tupu maji ya ardhini yanalirusha juu. Tangi linyonywe kabla ya Ijumaa Kuu, lisisubiri Jumatatu. Gari la kunyonya lazima lipate njia ya kufika, na hapo ndipo kamba ya huyo bwana inapoharibu kila kitu.

Parachichi Bivu:
Afadhali umetaja kamba. Choo ni cha dakika chache, kamba inakula nusu siku. Ile barabara ya kutokea Ipinda ni moja, ya kuingia ndio ya kutokea. Yeye anasimamisha gari, anahesabu vichwa, anatafuta chenji ya elfu kumi, huku nyuma Costa zimebanana kama usipa kwenye ndoo. Wasimame wakusanyaji watatu wanaotembea kando ya foleni, wakate tiketi watu wakiwa bado kwenye magari, ile kamba ibaki ya kukagua tu. Na chenji iandaliwe usiku.

Halafu maegesho. Kila mtu anaingiza pua kwenye miti, saa kumi na mbili jioni wote wanarudi nyuma kwa pamoja, hakuna anayeona. Paki kwa kurudi nyuma, pua iangalie barabara. Iachwe njia ya mita nne bila gari hata moja, kwa ajili ya gari la wagonjwa. Mwenye Noah aliyezama mchangani asikanyage mafuta, anajichimbia kaburi. Punguza upepo wa matairi mpaka PSI 18 au 20, fukua mchanga mbele ya tairi, weka matawi, toka taratibu. Ukifika lami ujaze kabla hujapandisha Tukuyu.

Dada wa Kikusya:
Nyinyi kaka zangu mnagombana choo na kamba, watoto wanaelea na mipira ya matairi hakuna anayewatazama. Asubuhi upepo wa milimani unasukuma kwenda ziwani. Mtoto aliyekaa kwenye mpira anaondoka kimyakimya, na upande wa mlima wa Livingstone kina kinashuka ghafla, hatua mbili umezama. Kamba hiyo ya barabarani ifungiwe madumu ya lita 20 yaliyozibwa, itandazwe majini pale maji yanapomfika mtu mzima kiunoni, ishikwe na viroba vya mchanga. Mtoto asivuke madumu. Na mitumbwi miwili ikae nje ya mstari ikiwa na wapiga kafi, isikodishwe kwa picha. Mdomoni mwa mto asiingie mtu, kuna mamba.

Mvuvi wa Ikombe:
Ndaga fijo, asante sana, dada. Hili ndilo la kwanza kabisa.

Suka wa Uyole:
Kifo kinaanzia huku juu kabla hata ya ziwa. Sikukuu Costa inajaza mpaka kwenye boneti, konda anapandisha nauli, na dereva anateremka Tukuyu amekanyaga breki mwanzo mwisho. Breki zikipata moto mguu unazama, ukisikia harufu umeshachelewa. Gia uliyopandia ndiyo unayoshukia, breki unaikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha unaachia. Abiria mkisikia harufu pigeni kelele, msione aibu.

Kitonga Juu:
Watu wa Mbeya mnalia kwa mteremko wa Tukuyu? Njooni mlima Kitonga, huku Iringa, wiki ya Krismasi. Semi moja ya kwenda Tunduma inazima kwenye kona, gari ndogo zinaanza kutanua, zinakutana uso kwa uso na zinazoshuka, mlima mzima unafunga. Gari la kuvuta linatoka Iringa halina pa kupita, waliotanua wameziba. Watu wanalala mlimani na watoto.

Suka wa Uyole:
Semi inazima kwa sababu dereva anabadili gia katikati ya mlima. Gia inachaguliwa bondeni, gari likiwa bado linatembea. Akiikosa gia kwenye kona na mzigo ule, anachoma klachi, hasogei tena.

Kitonga Juu:
Na wakizima wanazuia tairi kwa mawe, wakiondoka wanayaacha barabarani. Gari dogo linalokuja usiku linapasua chini, injini inamwaga oili. Utingo abebe vigingi vya mbao viwili, avifunge kamba kwenye chasi, gari likiondoka vinafuata.

Suka wa Uyole:
Hapo kwenye mawe nakubaliana na wewe asilimia mia. Sheria iwakamate.

Mama Ntilie wa Ilula:
Mkimaliza malori tuhamie vitunguu vya ndoo vya Ruaha Mbuyuni, pale chini ya Kitonga. Ndoo imegongwa kitako mpaka kimeingia ndani, juu wanakujazia mlima unafurahi, ukifika nyumbani ukimiminia kwenye ndoo yako haijai. Mwambie amimine kwenye ndoo yako hapohapo kabla hujatoa hela. Akikataa, vuka barabara uende meza ya pili.

Kitonga Juu:
Meza ya pili ni ya shemeji yake, ndoo ni ileile.