Matundu hewa: wauza helmeti za baiskeli Dar mmetuchosha!

Wakuu habari za muda huu. Mods, tafadhali uzi huu msiupeleke jukwaa la michezo, hapa naongelea wizi wa mchana.

Ukiingia duka lolote la baiskeli mjini kuulizia helmeti ya kuendeshea kwenye joto hili letu, jibu ni lile lile: "Chukua hii boss, ina matundu 22." Mwingine anakuja na ya 25. Utadhani nanunua chujio. Ukimuuliza hewa inaingilia wapi na kutokea wapi, anakuangalia kama mkorofi.

Mimi nimeuziwa ya elfu 85 Kariakoo, duka silitaji. Juu imechanwachanwa kila upande, inavutia kweli. Nikapanda nayo Pugu kuelekea Kisarawe, jua la Februari lile mnalijua. Kufika katikati ya mlima jasho linaniingia machoni likiwa limechanganyika na losheni ya jua, macho yanawaka, malori yananipita nikiwa nusu kipofu. Nikasimama pembeni, nikaivua, nikaigeuza na kupitisha kidole tundu moja moja. Mengi yameishia njiani! Tundu lipo kwenye ganda la plastiki la juu, chini yake lile povu jeupe gumu limeziba kabisa, tena pamepakwa rangi nyeusi ili paonekane pana kina. Machache ya mbele yaliyotoboka kweli yamefunikwa na sponji. Nyuma, pa kutokea hewa, vijitundu viwili ambavyo hata kidole cha mwisho kinapita kwa shida.

Nimeirudisha. Hela hawarudishi, hilo nililitegemea. Lakini jamaa ananishauri eti nipeleke kwa fundi anitobolee kwa drili! Lile povu ndilo linalobonyea kichwa kikipiga lami, ili mshindo wote usiishie kwenye ubongo. Ukishalitoboa mwenyewe umeliharibu, umebaki na pambo. Na mtu huyu ndiye anayeuza vifaa vya usalama.

Wauzaji mnaosoma hapa, sikilizeni. Kichwa kinapoa pale hewa inapoingia kwa mbele, ikapita kwenye mifereji iliyochimbwa ndani ya povu juu ya nywele, ikatokea nyuma. Kama ndani hakuna mifereji, povu limelalia kichwa chote, hata matundu 40 hayasaidii. Pa kutokea pakiwa pamebanwa, hewa inakwama humo humo. Na sisi wa pwani tuna shida ya ziada. Aliyeko Dodoma hewa kavu inamsaidia jasho kukauka. Hapa Dar hewa yenyewe imeshiba maji, pasipopita upepo jasho halikauki, linatiririka tu.

Mnaouza za bei mbaya nanyi msicheke. Mnatuletea zile za mashindano zilizozibwa juu ili zikate upepo, mnasema zimepimwa. Zimepimwa kwa mtu anayekimbia kilomita 40 na zaidi kwa saa! Mimi na mwili huu nikiwa mlimani nacheza kwenye 9, 10. Kwa mwendo huo hakuna upepo wa kujisukumia ndani. Nahitaji matundu mapana ya kuingizia hewa kwa mbele, na ukingo wa helmeti usiokandamiza paji lote la uso, ubaki mwanya wa hewa kupenya. Ukiniuliza nyeusi au nyeupe nakujibu chagua unayopenda, mifereji ni muhimu kuliko rangi. Zenye MIPS, kile kiganda chembamba cha ndani kinachoteleza, mimi sina ugomvi nazo, ila hakikisha matundu ya kiganda yamekaa sawa na matundu ya povu.

Sponji nazo. Ile nene ya mbele inanyonya jasho kimya kimya, ikishiba unainamisha kichwa kidogo tu, lote linakumwagikia usoni. Tafuteni zinazobanduka zikafuliwa, maana iliyogundishwa moja kwa moja inanuka ndani ya muda mfupi na hakuna cha kufanya.

Kilichonipandisha presha zaidi ni stika. Ndani ya yangu kumeandikwa CE, ile alama ya bidhaa kukidhi masharti ya Ulaya, chini yake EN 812. Nikaifuatilia hiyo namba: ni kiwango cha Ulaya cha kofia za viwandani, za mtu asijigonge kwenye bomba akipita. Ya baiskeli ni EN 1078, na za soko la Marekani huandikwa CPSC, yaani tume yao ya usalama wa bidhaa. Helmeti ya EN 1078 inatakiwa ionyeshe jina la mtengenezaji, saizi, uzito, na mwaka na robo ya mwaka iliyotengenezwa. Yangu ina stika ya karatasi iliyoanza kuchanika kwa jasho. Kwa hiyo haipitishi hewa NA kichwa changu hakina ulinzi wa baiskeli. Elfu 85!

Sasa mwenye kujua duka hapa Dar linalokuruhusu kuigeuza helmeti, kuimulika na tochi ya simu na kuivaa kabla hujalipa, aweke hapa hadharani pamoja na bei. Wale wa "njoo PM nikuuzie" piteni kushoto.