Wakuu, tofali za tanuri zinakunywa alumini yangu, nifanyeje?

Mzee wa Kalibu: Habari za usiku wakuu. Nasubu sufuria. Tanuri ni la matofali ya kuchoma, alumini inayeyukia humo humo, moto wa oili chafu na feni. Miaka mitatu sikuona shida. Mwezi huu natia kilo 60, natoa 52, na takataka ya juu haifiki kilo mbili. Nimebomoa sakafu: tofali jeusi tii, ndani mishipa inang'aa. Ninunue tofali gani? Shule zinafungua.

Binti Kigamboni: Pole kaka. Ila nyie mafundi mjue watu wanapikia watoto humo.

Kobe Mwendo: Umenikumbusha marehemu baba. Alisubu vipuri vya mashine za kusaga, usiku tunalala pembeni ya tanuri kuota moto. Alikuwa na roho nzuri sana yule mzee.

Mfua Chuma: Mkuu, skrepa gani? Na moto rangi gani?

Mzee wa Kalibu: Skrepa ya kawaida. Mimi nimeuliza tofali.

Mfua Chuma: Sijibu mpaka useme.

Mzee wa Kalibu: Haya. Jamaa kaniletea bloku za injini za Volkswagen Beetle, bei rahisi. Mzigo wa pili nimeshalipa advansi. Moto napandisha hadi rangi ya chungwa, la sivyo inaganda kabla haijajaza kalibu. Metali ni metali.

Mfua Chuma: Bloku hizo ni aloi ya magnesiamu, ndugu yangu. Alumini inayeyuka nyuzi 660, na ina ngozi ya oksidi. Ngozi hiyo ndiyo inaifanya isimame juu ya tofali kama maji kwenye jani la mgimbi. Magnesiamu inaitoboa ngozi, na moto mkali unazidisha. Hapo metali inalilowesha tofali na vitundu vinaifyonza kama utambi. Ikishaingia, inanyang'anya oksijeni kwenye silika ya udongo, ndiyo huo weusi. Tafuta tofali lenye alumina nyingi, yaani oksidi ya alumini, na vitundu vidogo, lililochanganywa bariamu salfeti. Lakini usipopunguza moto na kuacha bloku, nalo litaliwa.

Mzee wa Kalibu: Nikitia bloku moja moja? Advansi hairudi.

Sijaamini: Chai hii. Magnesiamu ingewaka nyeupe mtaa mzima ukaona. Mwaka jana si ulisema unauza mitumba?

Mzee wa Kalibu: Mitumba ni ya mke wangu. Na iliwaka, juzi. Nyeupe huwezi kuitazama. Kijana wangu alikimbilia ndoo ya maji, nikamdaka mkono.

Mfua Chuma: Umemwokoa. Maji pale yanatoa haidrojeni, inalipuka. Aliutazama ule mwanga?

Mzee wa Kalibu: Alikuwa karibu kuliko mimi. Macho yanamtoka machozi tangu juzi, anasema ni moshi.

Sijaamini: Samahani mkuu, nafuta neno langu. Mpeleke kwa daktari wa macho alfajiri.

Mzee wa Kalibu: Namwamsha sasa hivi.